Noti Zote Zimeshapigwa: Hotuba kwa Wanafunzi Wapya wa Jazi

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanafunzi wapya wa darasa la jazi pamoja na wazazi wao. Yamewekwa hapa kamili kwa ajili ya waliokosa kufika. Palipopigwa mfano kwenye piano, mfano umeelezwa kwa maneno.

Wazee, shikamooni. Wazazi, karibuni sana. Na ninyi vijana mliokaa na masanduku ya ala miguuni kama abiria wa stendi, hamjambo?

Mmesikia mlivyoitikia? Ukumbi mzima, hakuna aliyewahesabia moja, mbili, tatu, na "hatujambo" ikatoka kwa pamoja. Hilo liwekeni akiba. Tutalihitaji.

Kila anayeanza darasa hili huja na swali moja kifuani, hata asipolitamka: nitapataje mtindo wangu mwenyewe? Nifanye nini nisifanane na mtu? Haya, tuhesabu. Kwenye piano hii, ukianzia C ukapanda mpaka kabla ya C inayofuata, kuna noti 12. Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, alikuwa nazo 12. Bendi iliyopiga harusini Jumamosi ilikuwa nazo 12. Mnataka kwenda kuitafuta ya 13? Noti zote zimeshapigwa, vijana. Zimepigwa vizuri na watu hodari kuliko sisi, na zimepigwa vibaya na watu wabovu kuliko sisi.

Na vichekesho je? Bahili, mlevi, mume anayemwogopa mkewe, mzee anayegeuka kiziwi akidaiwa: hawa walikuwepo tangu enzi za babu wa babu zetu. Mbona bado wanatuvunja mbavu?

Jibu langu la leo ni moja, nami nitalizunguka mpaka mchoke. Upya haumo kwenye noti. Umo kwenye wakati. Lini unaiweka noti, lini unainyima, lini unairudia. Ndiyo maana leo nitawatajia wachekeshaji karibu sawa na wanamuziki. Ni mafundi wa karakana moja.

Tuanze na kuiga, kwa sababu ndilo neno mnaloliogopa.

Wahenga walituonya kwamba ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba. Wazazi mniwie radhi, si maneno yangu. Lakini nani hapa amemwona tembo akianza na mzigo mzima? Tatizo halikuwa kuiga. Tatizo lilikuwa kipimo.

Mwaka 1936, mjini Kansas City, kijana wa miaka kama 16 alipanda jukwaani Reno Club na saksafoni ya alto, akitaka kupiga na wakubwa. Akaanza vizuri, kisha akapotea. Kodi zikaenda kushoto, yeye kulia. Nasema kodi za muziki, wazazi, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za mapato; ingawa hizi nazo ukizikosa utadaiwa. Mpiga drams alikuwa Jo Jones. Akafungua toazi, akalirusha miguuni pa yule kijana. Kishindo, kisha kicheko cha ukumbi mzima. Kijana huyo alikuwa Charlie Parker, aliyekuja kuwa mmoja wa wakubwa wa jazi.

Alifanya nini? Alikwenda kutafuta noti ya 13? Kiangazi cha 1937 alipata kazi na bendi iliyopiga kwenye hoteli za milima ya Ozark, akabeba rekodi za kiongozi wa bendi Count Basie zenye solo za Lester Young. Akazila zile solo. Aliporudi mjini watu hawakumtambua kwa sikio. Na alirudi akipiga kama Lester? Hapana! Lester alipiga saksafoni ya tenor, sauti pana, asiye na haraka, kama mtu anayesimulia akiwa amekaa kibarazani. Sentensi zile zile, zikipita kwenye alto, kwenye pafu lingine, kwenye kasi nyingine, zinatoka na sura nyingine. Hakuna aliyemwambia Parker awe tofauti. Alishindwa kufanana, na pale aliposhindwa ndipo palipokuwa pake.

Mpiga tarumbeta Clark Terry, mwalimu wa wengi, aliyaweka haya katika hatua tatu: iga, meza, buni. Wengi wanairuka ya pili. Wanaiga kidogo, wanakimbilia kubuni, na tumboni hamna kitu. Sasa sikilizeni namna ya kumeza, maana hapa ndipo penye kazi.

Chagua ba 8 tu; ba ni kipande kimoja cha wimbo, kwa kawaida mapigo manne. Si solo nzima, si ba 64. Ba 8 za mtu unayempenda, za mwendo wa wastani. Siku tatu za kwanza ala ikae sandukuni. Unasikiliza na kuimba. Unaimba mpaka uweze kuimba pamoja na rekodi, na pumzi yako ikatike pale pale pumzi yake inapokatika. Ukishaweza kuimba, toa ala, zitafute noti moja moja kwa sikio. Kama kuna pahala pana kasi, punguza mwendo wa rekodi mpaka asilimia 60 au 70, lakini usilale huko. Kila siku panda kidogo mpaka ufike mwendo wa kweli. Kuandika kwenye karatasi ni mwisho kabisa, kama ni lazima.

Nini huharibika? Kwanza, mtu anaanza na karatasi. Anapakua noti zilizokwisha andikwa na mwingine, anazisoma, na anapiga kama mtu anayesoma risala ya mgeni rasmi: maneno yote yapo, hakuna aliyesema kitu. Karatasi haioneshi ulimi uligusa wapi, noti ipi imemezwa, ipi imechelewa kwa unywele. Pili, mtu anaimudu ile sentensi kwenye kii moja tu, yaani ikiwa na noti moja tu ya nyumbani. Akipewa wimbo wa kii nyingine, mali yote imebaki benki nchi ya watu. Kwa hiyo chukua sentensi moja ya ba 2, ipeleke kwenye kii zote 12, kila siku moja: C, kisha F, kisha B-flati (B iliyoshushwa nusu hatua), kisha E-flati, endelea hivyo hivyo kwa kupanda nne nne mpaka urudi nyumbani. Siku ya 13 ndiyo ya mchezo. Noti usiziguse, badilisha wakati. Ianze nusu pigo baadaye. Ianze pigo la pili badala ya la kwanza. Iache katikati, tulia pigo mbili, uimalizie. Hapo mtasikia jambo la ajabu: mali ya mtu imeanza kuwa na harufu yako.

Waulizeni wazazi wenu kutoka Kenya kuhusu Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni. Miaka na miaka nchi nzima ilimcheka mzee yule wa Kijaluo, Kiswahili chake kimejaa lafudhi ya ziwani. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile aliiiga. Aliiiga, akaimeza, mpaka ikawa ni yeye. Alipofariki mwaka 2015, nani alisema tumempoteza mwigaji?

Kuna kuiga kwa aina nyingine, kuiga nyumba badala ya kumwiga mwenye nyumba. Mnajua wimbo unaoitwa "Cherokee"? Uliandikwa na Mwingereza Ray Noble mwaka 1938. Novemba 1945, studioni New York, Parker alichukua kodi za wimbo ule, akautupa ule wimbo wenyewe, akajenga kitu kingine juu yake na kukiita "Ko-Ko". Katika moja ya rekodi za siku ile wanasikika wakianza kuingia kwenye sauti ya "Cherokee", wakasimamishwa haraka. Kwa nini? Kwa sababu wimbo una mwenyewe anayelipwa haki zake, lakini mpangilio wa kodi haumilikiwi na mtu. Kodi za "I Got Rhythm" ya Gershwin, ya mwaka 1930, zimekaliwa na wapangaji wasiohesabika. Ba 32, vyumba vinne vya ba nane nane: cha kwanza na cha pili ni sawa, cha tatu kinabadilika, cha nne kinarudi.

Sisi tunashangaa nini? Utenzi wetu una mizani nane nane, vipande vinne, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinashika kina cha utenzi wote. Shairi la tarbia lina mizani 16 kwa mshororo, nane huku na nane kule. Nani amewahi kumshitaki mshairi kwa kuiba mizani? Tunamkamata kwa maneno yake, si kwa urefu wa mstari.

Na kwa kuwa mtaniuliza: ndiyo, Dar es Salaam Jazz Band ya 1932, Morogoro Jazz ya 1944, OK Jazz ya Léopoldville mwaka 1956, zote zilijiita "jazz" na hazikupiga swingi, ule mwendo wa kubembea wa jazi ya Kimarekani. Zilipiga muziki wa dansi, na rumba iliyokuja na sahani za Cuba. Wapo wanaosema wazee wetu walikosea jina. Mimi nasema walikosa jina, hawakukosa kazi. Walichukua mali iliyokuja na meli, wakaiweka kwenye wakati wao. Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe anavyolichelewesha gitaa lake, kisha mje mniambie hakujua jazi ni nini.

Tuje kwenye wakati wenyewe, ule mliouonyesha mlipoitikia "hatujambo" kwa pamoja.

Machi 1948, redio ya Marekani, kipindi cha mchekeshaji Jack Benny. Kwa miaka mingi Benny alijijengea jina la bahili. Bahili wa kutupwa. Kila wiki, bahili. Siku ile katika mchezo anatembea usiku, jambazi anamtokea: pesa au uhai! Benny anafanya nini? Ananyamaza.

(Hapa msemaji alinyamaza. Baada ya sekunde chache ukumbi ukaanza kucheka.)

Mnaona? Mimi sijasema kitu. Na kule studioni vilevile, watu walianza kucheka kabla hajajibu. Jambazi anakazia: nimesema, pesa au uhai! Ndipo Benny anajibu, "Nafikiria! Nafikiria!"

Na hii ni redio! Kwenye jukwaa ukinyamaza watu wanauona uso wako. Kwenye redio kimya ni hatari, mtu anaweza kudhani betri imekwisha. Kile kimya kilichekesha kwa sababu kilikuwa kimelipiwa kwa miaka ya ubahili. Msikilizaji alikijaza mwenyewe.

Sasa mfikirieni Count Basie kwenye piano. Bendi nzima inanguruma, yeye anaweka noti tatu. Mbili. Halafu hakuna. Kimya chake nacho kimelipiwa: nyuma yake yupo Walter Page kwenye besi anayetembea pigo zote nne, Freddie Green na gitaa lisilo na makuu, na kwenye drams yupo Jo Jones, ndiyo, yule yule wa toazi. Barabara iko laini kiasi kwamba dereva anaweza kuachia usukani kidogo.

Mazoezi ni haya. Chukua bluzi ya ba 12. Ni mistari mitatu ya ba nne nne: kama uko C, ba nne za C, kisha mbili za F na mbili za C, kisha moja ya G, moja ya F, mbili za C. Piga ba mbili, nyamaza ba mbili. Yaani unapiga ya 1 na ya 2, ya 5 na ya 6, ya 9 na ya 10. Zilizobaki hupigi hata upewe hela. Mnadhani ni rahisi? Wanafunzi huharibu kwa namna mbili. Wapo wanaojaza: kimya kinawatisha, wanachomekea vinoti kama mtu anayesema "yaani, yaani" katikati ya maneno. Na wapo wanaonyamaza na kichwa nacho kikalala. Wakirudi, bendi imeshahama. Dawa ya wote ni moja: wakati mdomo au mikono imetulia, imba besi kimoyomoyo. Kimya hupumzisha vidole, hakipumzishi hesabu.

Metronomu nayo, ile mashine ya kuhesabu mapigo. Kama mwendo ni mapigo 120 kwa dakika, iweke 60, na kila mlio uite "mbili" au "nne". Si moja na tatu. Mbili na nne! Mtaona baada ya dakika chache sikio linageuza, ule mlio unakuwa "moja" bila kukuomba ruhusa. Usikasirike. Simama, sema kwa sauti, "moja", mlio, "tatu", mlio, kisha anza tena. Siku ikikaa, utaacha kuisikia kama mashine, utaisikia kama mtu anayepiga makofi nyuma yako.

Na swingi, jamani, si farasi anayechechemea. Mmeambiwa noti ya kwanza ndefu, ya pili fupi. Ni kweli kwenye mwendo wa polepole. Kadiri mwendo unavyopanda, tofauti hupungua. Kwenye kasi ya 250 na zaidi zinakaribia kulingana. Anayelazimisha ile ndefu na fupi kwenye kasi hiyo anachosha na kuchekesha, na hakukusudia.

Kukusudia! Hapo ndipo penye fundi. Jack Benny huyo huyo alipiga fidla vibaya mbele za watu maisha yake yote, wakati alifundishwa fidla tangu utotoni. Victor Borge, mzaliwa wa Copenhagen, alisomea piano sawasawa kabla ya kukimbilia Marekani mwaka 1940. Aliweka karatasi ya muziki juu chini akapiga hivyo hivyo, muziki ukatoka kinyumenyume, kisha akashtuka, akaigeuza. Alijifunga mkanda kwenye kiti cha piano kama wa ndegeni. Kati ya 1953 na 1956 alisimama peke yake kwenye jukwaa la Broadway mara 849, piano na mdomo tu. Jaribuni kupiga wimbo vibaya kwa namna ambayo msikilizaji atajua ni wimbo gani, atajua umekosea wapi, na atajua umekusudia. Ni kazi. Kosa la mchekeshaji lina kipimo, lazima liwe karibu na sahihi. Likienda mbali, watu wanaona ni mtu asiyejua.

Na kosa lisilokusudiwa je?

Tarehe 13 Februari 1960, mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald aliimba Berlin. Akaanza "Mack the Knife", wimbo uliozaliwa kwenye jukwaa la Berlin hiyo hiyo mwaka 1928. Katikati, maneno yakamtoka. Umesahau wimbo wa wenyewe, ukiwa kwao, na mashine ya kurekodi inazunguka! Alisimama? Akaomba radhi? Akaimba kwamba ameyasahau. Akayaweka hayo hayo kwenye sauti ya wimbo, kwa vina, akawataja Bobby Darin na Louis Armstrong waliourekodi kabla yake, akamwiga na Armstrong kwa sauti ya mkwaruzo. Rekodi ile ilimpa tuzo za Grammy. Sikilizeni mapigo: maneno yameanguka, wakati haukuanguka hata mara moja. Ndiyo maana watu walicheka badala ya kumwonea huruma.

Kwa ninyi wa ala, kosa lina njia fupi ya kurudi. Uko kwenye kodi ya C, kidole kimeangukia F-kali (F iliyopandishwa nusu hatua). Nyumba iko nusu hatua tu: G. Ukiangukia E-flati, nenda E. Ukiangukia A-flati, una milango miwili, G au A. Lakini usikimbie. Irudie ile noti mbovu mara moja zaidi, kwa pigo safi, kisha ndipo uitelezeshe nyumbani. Mara ya kwanza ni ajali. Mara ya pili msikilizaji anaanza kudhani unajua kitu asichokijua. Na uso! Uso ndio unaokushitaki. Noti mbovu inapita kwa theluthi ya sekunde, ila mpigaji akikunja sura ukumbi mzima umeona.

Nimalize na huyu, maana mzazi mmoja mlangoni aliuliza kichekesho ninachokipenda kuliko vyote. Ni cha Dizzy Gillespie, mwenye tarumbeta lililokunjwa shingo likatazama mbinguni. Shingo ile yenyewe ni ajali: Januari 1953, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mkewe, wachezaji na wachekeshaji wawili waliojiita Stump and Stumpy waliliangukia. Akalipiga hivyo hivyo, akapenda sauti ilivyomfikia masikioni, akaagiza yaliyotengenezwa vile. Mwaka 1964 alitangaza kugombea urais wa Marekani, akaahidi kuiita Ikulu Nyumba ya Bluzi na kumpa mpiga tarumbeta mwenzake Miles Davis ukuu wa idara ya ujasusi.

Lakini kichekesho chenyewe ni kifupi. Mwisho wa onyesho, jasho linatiririka, Dizzy anashika maikrofoni na kusema kwa heshima zote: sasa ningependa kuwatambulisha wanabendi. Ukumbi unajiandaa kupiga makofi. Yeye anageuka nyuma, anamtambulisha mpiga besi kwa mpiga piano, mpiga drams kwa mpiga saksafoni, nao wanapeana mikono kama watu waliokutana msibani.

Sentensi ile imesemwa kwenye kila onyesho duniani. Dizzy hakubadilisha neno. Aliacha kodi zilezile, akapiga wimbo mwingine juu yake. Na mpigaji mmoja tu akicheka mapema, hakuna kichekesho.

Haya, kazi ya wiki. Ba 8 za mtu unayempenda, ala sandukuni mpaka Alhamisi, mje mmeimba. Asiimbe mtu kwa karatasi, nitaziona. Kila mmoja alete na kichekesho kimoja cha kwao, cha bibi au cha kijiweni, chenye kimya ndani yake, na aje amehesabu kimya hicho ni mapigo mangapi. Tutaanza saa kumi kamili. Wenye drams mje mapema kidogo kufunga, na toazi mzikaze vizuri.